Miezi Mitatu ya Pweza, Miaka Mitano ya Silikanti

Leo tunazungumza juu ya kupandana na kulea watoto huko baharini: nani anamwendea nani, nani anabaki na mayai, nani anaondoka zake, na nani anakufa kwa ajili ya watoto ambao hatawaona wakikua. Nimeleta jambo hili kwa sababu katika vijiji vingi vya pwani yetu, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Mtwara, watu wamekuwa wakibishana juu ya kufunga miamba ili bahari ipumzike. Yuko anayesema kufunga kunaleta neema, na yuko anayesema ni kuwanyima watu kitoweo. Mimi nasema ubishi huo hautakwisha mpaka tumjue kwanza kiumbe mwenyewe, anazaa vipi na analea vipi, kwa kuwa muda wa kumpumzisha unatokana na hapo.

Nianze na pweza, na nitakaa kwake kwa muda.

Pweza tunayemchokoa kwa wingi kwenye miamba ya Afrika Mashariki jina lake la kitaalamu ni Octopus cyanea. Huyu huwinda mchana, hubadili rangi kufuata mwamba alipo, na hukua kwa kasi ya ajabu. Akina mama wanaoshuka pwani wakati wa bamvua, maji yamekupwa mbali na mkonjo uko mkononi, wanalijua hili bila kuambiwa na mtu: mwamba uliokuwa na pweza wadogo bamvua iliyopita, bamvua hii unaweza kuwa na pweza wa kujaza ndoo. Lakini maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja na miezi michache tu. Katika muda huo anatoka kwenye yai la milimita chache, anafikia uzito wa kilo kadhaa, anapandana, na maisha yanakwisha. Pweza hana uzazi wa pili. Akivuliwa kabla ya ule wa kwanza, hakuacha kitu.

Kupandana kwenyewe kuna hatari. Pweza dume ana minyiri minane kama jike, ila mmoja, wa tatu kwa upande wa kulia, umeumbwa kwa kazi maalumu. Una mfereji unaofuata urefu wake, na kwa mfereji huo dume hupitisha vifuko vya mbegu hadi ndani ya mwili wa jike. Mara nyingi hasogei karibu. Anakaa mbali kidogo, ananyoosha mnyiri huo mmoja kadiri unavyofika, tayari kukimbia. Anaogopa, na ana sababu ya kuogopa. Wataalamu waliokuwa wakiwafuatilia pweza wa aina hii kwenye mwamba mmoja wa Bahari ya Pasifiki walimwona jike akipandana na dume mara nyingi, kisha akamkaba mpaka akafa, akamburura hadi pangoni na kumla. Na hata dume aliyenusurika haishi sana. Baada ya kupandana hupoteza hamu ya kula, huacha kujificha kama zamani, rangi inapauka, na muda si mrefu amekwisha.

Jike huhifadhi mbegu mwilini mpaka mayai yawe tayari. Hapo ndipo linapoanza jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko mengine yote katika habari hizi. Anatafuta pango, anaingia, na kuziba mlango kwa mawe na vipande vya matumbawe. Ndani anataga mayai, laki na zaidi, yameunganishwa katika nyuzi nyembamba, na anazining'iniza kwenye dari ya pango. Kuanzia hapo hali tena. Anapitisha ncha za minyiri katikati ya nyuzi hizo kuondoa uchafu, anayapulizia mayai maji ili yapate hewa, na anawafukuza kaa na samaki wanaokuja kuchungulia mlangoni. Katika maji ya uvuguvugu kama yetu kazi hii inachukua karibu mwezi mmoja. Muda wote huo mwili wake unajila wenyewe: nyama inapungua, ngozi inalegea, nguvu zinamwishia. Watoto wanapoanguliwa wanatoka nje na kuchukuliwa na mkondo, na mama yao anakufa.

Zamani ilidhaniwa kwamba anakufa kwa njaa na uchovu. Mwaka 1977 mtafiti wa Marekani, Jerome Wodinsky, alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya kwa pweza wa aina nyingine, wa Bahari ya Karibi. Aliwatoa majike waliokwisha kutaga tezi mbili ndogo zilizo karibu na macho. Majike wale waliacha mayai yao, wakarudi kula, wakanenepa, wakaishi muda mrefu kuliko wenzao walioachwa na tezi zao. Kumbe amri ya kufunga mdomo, ya kukaa na mayai, na ya kufa, yote ilitoka ndani ya mwili. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba basi pale hakuna malezi, ni tezi tu. Sikubaliani nao. Hata maziwa ya mama wa binadamu yanashuka kwa amri ya tezi, na hakuna anayesema kwamba kwa hiyo mama hakumnyonyesha mtoto wake.

Na kuna pweza mwingine ambaye habari zake kila nikizisoma zinanisimamisha. Mwezi wa Mei 2007, watafiti waliokuwa wakitumia chombo cha kuzamia kisicho na mtu, katika korongo la chini ya bahari huko Monterey, California, walimkuta pweza jike amelalia mayai juu ya jabali, kina cha mita 1,400 hivi, mahali penye giza na baridi kali. Alikuwa na makovu, kwa hiyo waliweza kumtambua kila waliporudi. Walirudi tena na tena. Kila mara walimkuta palepale, mayai yakizidi kukua na yeye akizidi kusinyaa. Hawakumwona akila hata mara moja. Ilipofika Oktoba 2011 jabali lilikuwa tupu, yamebaki maganda ya mayai tu. Miezi 53 mama yule alikuwa ameketi mahali pamoja. Hakuna mnyama mwingine anayejulikana kuatamia mayai kwa muda mrefu hivyo. Baridi ndiyo iliyorefusha kazi: katika maji ya nyuzi joto chache tu, vitoto vinakua polepole mno ndani ya yai, na mama hana budi kusubiri.

Sasa turudi kwenye miamba yetu wenyewe, tuuchukue ule mwezi mmoja wa pweza wetu na tuutie kwenye mjadala.

Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, kilifunga sehemu ya mwamba wake ili pweza wapumzike kwa miezi michache. Vijiji jirani vikaiga. Baadaye watafiti walikusanya takwimu za miamba 36 iliyofungwa hivyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015: katika mwezi wa kwanza baada ya kufungua, pweza waliovuliwa hapo waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na mvuvi mmoja kwa siku moja alipata karibu asilimia 90 zaidi. Utaratibu huo ulifika hadi kwetu. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wamefunga mwamba wao kwa miezi kama mitatu mitatu. Songosongo wamefunga. Pate, huko Lamu, wamefunga, na wanawake wamekuwa mstari wa mbele.

Mimi ni mtetezi wa jambo hili, lakini nataka tulitetee kwa kulielewa. Mavuno makubwa ya siku ya kufungua yanatokana zaidi na ukuaji. Wale pweza wadogo wa nusu kilo wameachwa wakala, wakawa wakubwa. Ni faida halali na inaonekana kwenye mizani. Uzazi ni habari nyingine. Huko Madagaska imeonekana kwamba pweza dume hukomaa mapema, akiwa na uzito wa zaidi kidogo ya nusu kilo, lakini majike wengi hawakomai mpaka wapite kilo 2. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza kuchukua pweza wa chini ya gramu 500. Ni kanuni nzuri, ila ukiitazama pamoja na takwimu hizo za Madagaska unaona pengo lake: jike wa gramu 600 anachukuliwa kihalali kabisa, na ilikuwa bado muda mrefu kabla ya kufika kwenye lile pango la mayai.

Tena kuna jambo ambalo kwenye mikutano ya vijiji halisemwi vya kutosha. Vitoto vya pweza vikishaanguliwa havikai pale vilipozaliwa. Ni vidogo sana, vinaelea na maji kwa wiki kadhaa pamoja na viumbe wengine wadogo wa baharini, mkondo unavipeleka, kisha vinashuka kwenye mwamba popote vilipofika. Kijiji kinachofunga mwamba wake kinanufaika kwa ukuaji wa pweza wake, lakini watoto kinawapa majirani. Na majirani wakifunga, wanakirudishia. Ndiyo maana kijiji kimoja kufunga peke yake kwa miezi mitatu, huku vijiji vya kulia na kushoto vinachokoa kila bamvua, ni nusu ya kazi. Vijiji vinavyofuatana vikae pamoja, vipange.

Na ile siku ya kufungua! Watu wanamiminika kutoka kila upande, wengine hawakuwahi hata kuulinda mwamba ule, na ndani ya siku mbili tatu kila tundu limechokolewa. Pweza mwenye mayai hawezi kukimbia. Yeye ndiye rahisi kuliko wote kumkamata, kwa sababu hatoki pangoni kwa lolote. Na nyama yake wakati huo haina faida, amekonda, ametepeta. Anayemtoa pale anapata kilo ya nyama mbaya na kuua watoto laki moja. Wachokoaji wazoefu wanalitambua pango lililozibwa kwa mawe kutoka ndani. Ningekuwa na uwezo wa kuweka sharti moja tu kwenye kila mwamba unaofunguliwa, lingekuwa hilo: pango lililozibwa lipitwe.

Msikilizaji, nimesema sana juu ya mama. Baharini kuna akina baba pia, na ni wengi kuliko tunavyofikiri. Katika samaki wanaolea, mlezi mara nyingi ni dume. Sababu yake si ngumu. Samaki wengi hutaga mayai nje ya mwili, na dume huyarutubisha palepale, mara nyingi kwenye eneo analolimiliki yeye. Jike akishataga anaweza kuondoka akale, atengeneze mayai mengine. Dume anabaki na mayai aliyoyarutubisha mwenyewe kwenye eneo lake mwenyewe, na kwa kuyalinda anavutia majike wengine kuja kutaga hapohapo.

Farasi-bahari amelipeleka jambo hili mbali zaidi. Jike anayaingiza mayai ndani ya mfuko ulio tumboni mwa dume, na dume ndiye anayebeba mimba. Mfuko ule unayapa mayai hewa, na unayaandaa polepole kwa chumvi ya bahari. Baada ya wiki chache dume anashikwa na uchungu, mwili unajikunja na kujikunjua, na vitoto vinaruka nje, pengine mamia kwa mara moja. Katika baadhi ya aina, jike na dume hukutana kila asubuhi, wanabadilika rangi na kuogelea bega kwa bega kwenye nyasi za bahari, kisha kila mmoja anakwenda kutafuta chakula chake. Anayewakamata ili awakaushe na kuwauza ng'ambo kama dawa, biashara ambayo imeifikia hata pwani yetu, anapomchukua dume mwenye mimba amechukua kizazi kizima. Tangu 2004 biashara ya kimataifa ya farasi-bahari inasimamiwa na mkataba wa CITES, lakini mkataba haukai ufukweni kumwangalia mchuuzi.

Kasa yeye halei kabisa. Anapanda ufukweni usiku, kama vile pale kisiwa cha Juani huko Mafia, anachimba, anataga mayai mia moja na kitu, anafukia, anarudi baharini asigeuke nyuma. Uzazi wake wote uko katika kuchagua mchanga, na mchanga ndio unaolea: ukiwa na joto sana wanatoka majike, ukiwa wa baridi kidogo wanatoka madume. Kwa hiyo kumlinda kasa ni kuulinda ufukwe kwa muda wa miezi miwili, usiwe na taa kali wala mwizi wa mayai. Ni kazi inayowezekana, na wapo vijana wanaoifanya.

Kuanzia hapa habari inabadilika, kwa sababu nataka kuwataja wale ambao miezi miwili wala mitatu haiwasaidii kitu.

Nguva ni mnyama anayenyonyesha. Chuchu zake ziko karibu na kwapa, na mtoto hunyonya akiwa ubavuni mwa mama. Mimba inachukua zaidi ya mwaka, kama miezi 13 au 14. Anazaa mtoto mmoja. Mtoto huyo anakaa na mama mwaka mmoja na nusu au zaidi, na mama huenda asizae tena mpaka ipite miaka mitatu, wakati mwingine hata saba. Nguva jike anaweza kufika miaka 10 na zaidi bila kuzaa hata mara moja. Fanya hesabu mwenyewe. Hata bahari ikiwa shwari na nyasi zikiwa tele, idadi ya nguva inaongezeka kwa kiasi kidogo sana kwa mwaka. Wavu mmoja wa jarife ukinasa majike wawili katika eneo lenye nguva kumi, hasara yake haifidiki katika maisha ya aliyeutega. Desemba 2022 nguva wa pwani ya Afrika Mashariki walitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, waliokomaa wakiwa chini ya 250. Kwetu Tanzania waliobaki wako hasa kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa. Wazee wa Lamu wanakumbuka makundi. Vijana wa leo hawajawahi kumwona.

Na silikanti je? Samaki huyu wa kale alianza kunaswa Tanzania mwaka 2003, kwanza huko Songo Mnara, kisha kwa wingi Tanga, kwenye majarife yaliyotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Silikanti hatagi nje. Watoto wanakulia tumboni. Mwaka 1991 jike mmoja alivuliwa Msumbiji akiwa na watoto 26 ndani yake. Na mwaka 2021 watafiti waliosoma alama za umri kwenye magamba walikadiria kwamba mimba ya silikanti inachukua kama miaka 5, na kwamba jike hafiki umri wa kuzaa mpaka akaribie miaka 60. Umri wa bibi! Huyo ukimfungia mwamba kwa miezi mitatu hukumfanyia lolote. Hata miaka mitatu haimtoshi kumaliza mimba moja.

Kwa hiyo mtu akisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema "tufunge bahari", swali la kwanza liwe: tunamfungia nani? Ikiwa ni pweza, miezi mitatu ina maana, na ikirefushwa kidogo majike wafike uzito wa kuzaa, ina maana zaidi. Ikiwa ni nguva au silikanti, suala la tarehe za kufunga na kufungua halipo tena. Hapo linabaki suala la jarife: lisitegwe kwenye nyasi za nguva, lisitegwe kwenye makorongo ya silikanti, mwaka huu, mwakani, na mwaka wa keshokutwa. Najua jarife ni riziki ya mtu, na mtu huyo ana watoto wanaosubiri chakula jioni hii. Ndiyo sababu haifai kumwambia aache bila kumwonyesha pa kwenda. Serikali na mashirika yanayopenda kupiga picha na silikanti wana wajibu wa kumpa mvuvi yule mishipi, chombo na soko la samaki wengine, kabla ya kumpeleka mahakamani.

Ndugu zangu wa kamati za wavuvi, na nyinyi mama zangu wachokoaji mnaoijua miamba kuliko sisi tunaoizungumzia redioni, nina ombi kwenu. Mkikaa safari hii kupanga kufunga mwamba, iteni vijiji vya jirani zenu, pangeni tarehe kwa pamoja, na andikeni kwenye sheria zenu ndogo kwamba siku ya kufungua, pango lililozibwa kwa mawe halichokolewi. Sharti hilo halihitaji fedha wala mtaalamu kutoka mjini.